De Valera: Aliyekataa vita ili Ireland ionekane huru

NCHI ndogo inapojitenga na vita vya wakubwa, wengi hudhani imefanya hivyo kwa woga au kwa kupenda amani. Eamon de Valera, aliyeiongoza Ireland katika miaka yote ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alikuwa na sababu nyingine. Kwa maoni yake, taifa lisiloweza kukaa nje ya vita vya mtawala wake wa zamani lilikuwa bado halijawa huru, hata kama lilikuwa na bendera, bunge na wimbo wake.

Siasa ya kutofungamana na upande wowote, inayofahamika vyema kwa wananchi wa Afrika Mashariki, ilipata jukwaa lake katika mkutano wa Belgrade mwaka 1961. Ireland haikujiunga na umoja huo. Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 kabla ya mkutano huo, taifa hilo dogo la Ulaya lilikuwa limekwisha kukabiliwa na mtihani ambao nchi nyingi zilizotoka katika ukoloni ziliupata baadaye: kushika msimamo wake mbele ya jirani mwenye nguvu, ambaye hadi jana alikuwa bwana wake.

De Valera alizaliwa New York, Marekani, Oktoba 14, 1882. Mama yake, Catherine Coll, alikuwa mhamiaji kutoka kijiji cha Bruree katika kaunti ya Limerick, na baba yake alitajwa kuwa mtu wa asili ya Hispania. Baba huyo alifariki dunia mtoto akiwa mdogo mno, na mwaka 1885 mtoto akapelekwa Ireland kulelewa na bibi na mjomba wake. Mama alibaki Marekani. Mtu aliyekuja kuwa kielelezo cha utaifa wa Ireland alikuwa, kwa kuzaliwa na kwa jina, nusu mgeni katika nchi hiyo.

Alikuwa kijana mwenye bidii ya masomo. Alisoma katika chuo cha Blackrock, karibu na Dublin, kilichokuwa chini ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Baadaye akawa mwalimu wa hisabati, kazi iliyomwachia tabia ya kupima kila neno kana kwamba ni sehemu ya hesabu. Mwaka 1908 alijiunga na Gaelic League, chama kilichojitwika kazi ya kuifufua lugha ya kale ya Ireland, ambayo wakati huo ilikuwa imebaki kinywani mwa watu wachache tu. Huko alikutana na mwalimu wake wa lugha, Sinéad Flanagan, na wakaoana Januari 1910.

Kupitia lugha, De Valera aliingia katika siasa, na kupitia siasa akajikuta ameshika silaha. Mwaka 1913 alijiunga na kikosi cha wapiganaji wa kujitolea cha Irish Volunteers. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikalipuka, na tukio moja la mwaka huo likaacha alama katika fikra zake kwa maisha yote.

Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kuipa Ireland serikali yake ya ndani, lakini utekelezaji wake ukaahirishwa hadi vita vitakapokwisha. John Redmond, kiongozi wa wabunge wa Ireland mjini London, aliwahimiza vijana wa nchi yake waende vitani upande wa Uingereza, akiamini kwamba damu yao ingelipwa kwa uhuru. Zaidi ya Waireland 200,000 walihudumu katika vita hivyo, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Serikali iliyoahidiwa haikupatikana kwa namna iliyotarajiwa, na chama cha Redmond kikazikwa na wapiga kura. Kwa De Valera fundisho lilikuwa wazi: ahadi inayotolewa na mkubwa akiwa vitani ni deni lisilo na mdhamini.

Hukumu ya kifo na gereza la Lincoln

Aprili 1916, wakati Uingereza ikiwa imezama katika vita, kundi la wazalendo liliteka majengo kadhaa ya Dublin na kutangaza jamhuri. De Valera aliongoza kikosi kilichoshika eneo la kiwanda cha unga cha Boland. Uasi huo ulizimwa katika muda wa wiki moja. Waliokamatwa walifikishwa mbele ya mahakama za kijeshi, na katika mwezi wa Mei watu 15 walipigwa risasi. De Valera naye alihukumiwa kifo, kisha adhabu hiyo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Risasi hizo ziligeuza mioyo ya watu. De Valera alipoachiliwa Juni 1917, alipokewa kama shujaa, na mwezi uliofuata akachaguliwa kuwa mbunge wa Clare Mashariki. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa kiongozi wa chama cha Sinn Féin. Uingereza ilipojaribu mwaka 1918 kupanua hadi Ireland sheria ya kuandikisha watu jeshini kwa lazima, vyama, vyama vya wafanyakazi na maaskofu waliungana kuipinga. Katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo, Sinn Féin ilitwaa viti 73 kati ya 105 vya Ireland. Hapo ndipo kukataa vita vya Uingereza na kudai utaifa vilipoanza kuwa jambo moja machoni mwa wananchi wa kawaida.

De Valera mwenyewe alikuwa gerezani tena. Februari 1919 alitoroka katika gereza la Lincoln nchini Uingereza kwa kutumia ufunguo wa kuchonga, na baadaye mwaka huo akaenda Marekani kutafuta fedha na kutambuliwa kwa jamhuri. Akiwa huko, mwaka 1920, alitoa wazo lililowashtua hata marafiki zake. Katika mahojiano na gazeti moja la Uingereza, alipendekeza kwamba London inaweza kuondoa hofu yake kwa mpango unaofanana na ule wa Marekani na Cuba: Ireland huru ingeahidi kwamba ardhi yake haitatumiwa kamwe na adui wa Uingereza.

Wapinzani wake wakasema ameuza jamhuri. Lakini ndani ya wazo hilo ilikuwamo mbegu ya siasa yake yote ya baadaye. Alikuwa ametambua kwamba Uingereza haikuogopa Waireland wenyewe, bali ilimwogopa yeyote ambaye angeweza kupita kwao. Ireland isiyoegemea upande, na isiyogeuka kuwa ngazi ya kuishambulia Uingereza, ingeweza kuwa huru bila kumtisha jirani.

Mkataba na bandari tatu

Vita vya ukombozi vilimalizika kwa Mkataba uliotiwa saini London Desemba 6, 1921. Ireland, ukiondoa kaunti sita za kaskazini zilizobaki chini ya Uingereza, ilipewa hadhi ya nchi yenye serikali yake lakini chini ya taji la mfalme. Wabunge walitakiwa kula kiapo cha uaminifu kwa mfalme huyo. Kiapo ndicho kilichowagawa watu.

Hata hivyo, Mkataba ulikuwa na kifungu kingine kilichozungumzwa kidogo. Uingereza ilibaki na vituo vya ulinzi katika bandari za Cobh, Berehaven na Lough Swilly, na ilikuwa na haki ya kudai huduma zaidi wakati wa vita. Nchi yenye manowari za kigeni katika bandari zake haiwezi kumshawishi adui wa mgeni huyo kwamba yenyewe haimo vitani. Kifungu kilichobaki, kwa maana hiyo, kilimaanisha kwamba uamuzi wa vita na amani wa Ireland ungeendelea kufanywa London.

Bunge liliupitisha Mkataba Januari 7, 1922 kwa kura 64 dhidi ya 57. De Valera aliupinga, akajiuzulu, na katikati ya mwaka huo nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndugu walipigana na ndugu. Michael Collins, aliyekuwa mwenzake katika mapambano na ambaye alitia saini Mkataba, aliuawa Agosti 1922 kwa kuviziwa. Upande wa De Valera ulishindwa mwaka 1923, naye akatiwa kizuizini hadi mwaka uliofuata. Sehemu yake ya lawama kwa umwagaji huo wa damu imebaki kuwa mjadala mkali kati ya wanahistoria wa Ireland.

Mwaka 1926 aliunda chama kipya, Fianna Fáil, na mwaka 1927 akaingia bungeni akikitaja kiapo kile kuwa utaratibu mtupu wa kuandika jina. Machi 1932 alishika serikali. Tangu siku hiyo hadi mwaka 1948 hakumpa mtu mwingine wizara ya mambo ya nje. Aliishika mwenyewe pamoja na uongozi wa serikali.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya fundi anayebomoa ukuta jiwe kwa jiwe. Kiapo kilifutwa mwaka 1933. Malipo ya mikopo ya ardhi yaliyokuwa yakipelekwa London yalisimamishwa, Uingereza ikajibu kwa ushuru mkubwa, na wafugaji wa Ireland wakaumia kwa miaka sita ya vita vya kiuchumi. Mfalme Edward wa Nane alipojiuzulu Desemba 1936, De Valera alitumia siku hizo za msukosuko kumwondoa mfalme katika katiba. Mwaka 1937 wananchi walipigia kura Katiba mpya iliyolipa taifa jina lake, Éire, na kulifanya kuwa jamhuri kwa kila hali isipokuwa kwa jina.

Geneva na funzo la Ethiopia

Wakati huo huo, De Valera alikuwa amejenga jina katika Shirikisho la Mataifa mjini Geneva. Mwaka 1932 aliongoza kikao cha Baraza lake, na mwaka 1938 akachaguliwa kuwa rais wa Mkutano Mkuu. Katika miaka hiyo hakuwa mhubiri wa kujitenga. Aliamini kwamba kinga ya nchi ndogo ni sheria ya mataifa yote, na kwamba sheria hiyo lazima iwe na nguvu.

Imani hiyo ilipimwa Oktoba 1935, Italia ya Mussolini ilipoivamia Ethiopia. Katika nchi ya Wakatoliki kama Ireland, ilikuwa vigumu kuiunga mkono serikali ya Addis Ababa dhidi ya Italia, na ilikuwa vigumu zaidi kusimama pamoja na Uingereza. De Valera alifanya yote mawili. Aliunga mkono vikwazo, kwa kuwa nchi ndogo inayonyamaza mwenzake akimezwa haitakuwa na wa kumlilia zamu yake itakapofika.

Vikwazo vilishindwa. Mataifa makubwa hayakuwa tayari kulipa gharama, na Julai 1936 Shirikisho likakubali kuvifuta. De Valera aliondoka na hitimisho chungu: wakubwa wakishindwa kulinda amani, nchi ndogo haina budi kuhakikisha kwamba haitumiwi kama chombo cha yeyote kati yao. Uhabeshi ulimfundisha kile ambacho vitabu vya sheria havikumfundisha.

Jiwe la mwisho katika ukuta ule liliondolewa Aprili 25, 1938. Katika makubaliano na Waziri Mkuu wa Uingereza, Neville Chamberlain, vita vya kiuchumi vilimalizwa kwa malipo ya mara moja ya pauni milioni 10, na bandari tatu zikarudishwa Ireland. Winston Churchill, aliyekuwa mbunge asiye na cheo wakati huo, alipinga vikali bungeni, akionya kwamba manowari za Uingereza zingezihitaji bandari hizo siku ya vita. De Valera aliyaona makubaliano hayo kuwa miongoni mwa mafanikio makubwa ya maisha yake. Kwa mara ya kwanza Ireland ilikuwa na uwezo halisi wa kusema hapana.

Nafasi ya kuitumia neno hilo ilikuja baada ya miezi 17. Vita vilipoanza Septemba 1939, Bunge la Dublin lilitangaza hali ya hatari na kuamua kwamba nchi haitaegemea upande. Nchi zote nyingine zilizokuwa na hadhi kama ya Ireland chini ya taji la Uingereza, yaani Canada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, ziliingia vitani. Ireland peke yake ilibaki nje. Kwa raia wengi, siku hiyo ilithibitisha uhuru kuliko mikataba yote iliyotangulia.

Umoja au kutoegemea upande

Mtihani mkubwa zaidi haukuja kwa vitisho. Ulikuja kwa zawadi.

Juni 1940 Ufaransa ilikuwa imeanguka na Uingereza ilikuwa karibu kubaki peke yake. Serikali ya London, ambayo sasa ilikuwa chini ya Churchill, ilimtuma Waziri Malcolm MacDonald Dublin kwa siri. Alibeba pendekezo ambalo De Valera alikuwa amelililia tangu ujana: Uingereza ingetangaza kwamba inakubali kimsingi Ireland iliyoungana, na chombo cha pamoja kingeundwa kutayarisha utaratibu wake. Kwa upande wake, Ireland ingeingia vitani.

Hakuna kiongozi wa Ireland aliyekuwa amezungumzia umoja wa kisiwa hicho kuliko yeye. Katiba yake ya 1937 ilidai kisiwa kizima kuwa ardhi ya taifa. Na sasa umoja huo ulikuwa umewekwa mezani.

Mwanzoni mwa Julai alijibu kwa kukataa. Sababu zilikuwa nyingi. Hapakuwa na uhakika kwamba viongozi wa kaskazini, ambao walikasirika mno waliposikia habari hizo, wangekubali kutekeleza ahadi iliyotolewa kwa niaba yao. Uingereza yenyewe ilionekana huenda ikashindwa. Dublin haikuwa na ulinzi wa maana dhidi ya ndege za Ujerumani, na kuingia vitani kungeweza kuwasha upya moto wa vita vya wenyewe kwa wenyewe uliokuwa umezimwa miaka 17 tu iliyopita. Nyuma ya hayo yote kilisimama kivuli cha Redmond na ahadi ya mwaka 1914.

Hata hivyo uamuzi huo ulionyesha pia kitu kilichokuwa kimebadilika. Kwa miaka mingi kutoegemea upande kulikuwa njia ya kufikia lengo la taifa. Mwaka 1940 De Valera alipolazimika kuchagua kati ya umoja wa nchi na haki ya kukaa nje ya vita, aliichagua haki hiyo. Wakosoaji wake walisema, na bado wanasema, kwamba siku hiyo aliufunga mlango wa muungano. Watetezi wake husema mlango huo ulikuwa umechorwa ukutani tu.

Upole kwa upande mmoja

Kutoegemea huko hakukuwa mizani iliyosimama sawa. Tangu mwanzo De Valera alimweleza mwakilishi wa Ujerumani, Eduard Hempel, kwamba jiografia na biashara zingeilazimu Ireland kuijali Uingereza kwa kiasi fulani. Kiasi hicho kiliongezeka mwaka hadi mwaka, kimya kimya.

Marubani wa Ujerumani walioanguka Ireland waliwekwa kizuizini katika kambi ya Curragh. Wengi wa marubani wa upande wa Uingereza na Marekani waliruhusiwa kuvuka mpaka kwenda kaskazini. Idara ya ujasusi ya jeshi la Ireland ilishirikiana na ile ya Uingereza. Ndege za Uingereza zilizowinda nyambizi katika Atlantiki ziliruhusiwa kukatisha juu ya ardhi ya Donegal. Taarifa za hali ya hewa kutoka Blacksod, pwani ya magharibi, zilipelekwa London, na mwanzoni mwa Juni 1944 ziliwasaidia makamanda kuchagua siku ya kushuka Normandy. Makumi ya maelfu ya raia wa Ireland walijiunga na majeshi ya Uingereza kwa hiari yao, na wengine wengi wakaenda kufanya kazi viwandani huko.

Mji wa Belfast uliposhambuliwa kwa mabomu Aprili 1941, De Valera aliruhusu magari ya zimamoto kutoka kusini yavuke mpaka kusaidia. Alisema watu wa kaskazini ni watu wake. Mei 31 mwaka huo huo, mabomu ya Ujerumani yaliangukia mtaa wa North Strand mjini Dublin na kuua watu 28.

Nyumbani alikuwa mkali. Magazeti yalikaguliwa kiasi kwamba habari za ukatili wa pande zinazopigana hazikuwafikia wasomaji ipasavyo. Wapiganaji wa IRA, waliotaka kuitumia Ujerumani dhidi ya Uingereza, waliwekwa kizuizini kwa mamia. Baadhi walikufa kwa mgomo wa kula na wengine wakanyongwa au kupigwa risasi. Mtu aliyewahi kuhukumiwa kifo na Waingereza sasa alikuwa akiidhinisha vifo vya waliodai kufuata nyayo zake. Ahadi aliyoitoa mwaka 1920, kwamba ardhi ya Ireland haitakuwa ngazi ya kuishambulia Uingereza, aliilinda hata kwa gharama hiyo.

Kwa raia wa kawaida, miaka hiyo ilikuwa ya chai ya kupimwa, makaa ya mawe yasiyopatikana na moto wa mboji iliyokaushwa. Lakini watoto wao hawakuandikishwa jeshini kwa lazima, na wengi walijua sababu. Februari 1944 Marekani ilipoitaka Ireland iwafukuze wawakilishi wa Ujerumani na Japan, De Valera alikataa. Uchaguzi ulipoitishwa Mei mwaka huo, wapiga kura wakampa wingi wa viti alioukosa mwaka uliotangulia.

Rambirambi zilizoichafua historia yake

Mei 2, 1945, baada ya habari za kifo cha Hitler kutangazwa, De Valera alikwenda kumwona Hempel nyumbani kwake na kutoa rambirambi za serikali. Wasaidizi wake walikuwa wamemshauri asiende. Kambi ya Buchenwald ilikuwa imekwisha kukombolewa mwezi uliotangulia, na dunia ilikuwa ikitazama picha zake.

Kwa maoni yake ulikuwa utaratibu wa kidiplomasia. Bunge lilikuwa limeahirishwa kwa heshima ya Rais Roosevelt wiki chache kabla, na kutofanya lolote kwa mwakilishi wa Ujerumani kungekuwa kuegemea upande siku ya mwisho. Alimheshimu pia Hempel kwa mwenendo wake wa adabu katika miaka yote ya vita.

Hoja hiyo haikumwokoa. Lawama zilimiminika kutoka London, New York na kwingineko, na hata waliokuwa wakimtetea walikosa maneno. Mwalimu wa hisabati alikuwa amefuata kanuni hadi mahali ambapo kanuni yenyewe haikuwa na maana tena. Nchi yake ilikuwa imewapokea wakimbizi wa Kiyahudi wachache mno katika miaka hiyo, na ziara ile ya dakika chache iliifanya hesabu hiyo ionekane mbaya zaidi.

Aliyemwokoa kisiasa alikuwa Churchill. Katika hotuba ya ushindi Mei 13, Waziri Mkuu huyo wa Uingereza aliishambulia serikali ya Dublin na kujisifu kwamba nchi yake ilijizuia isizitwae bandari za Ireland kwa nguvu. Taifa zima lilisubiri jibu. De Valera alikaa siku tatu, kisha Mei 16 akazungumza redioni kwa sauti ya upole. Alimshukuru Churchill kwa kutoshambulia, akaeleza kwamba hoja ya mahitaji ya mkubwa ikikubaliwa kuwa sheria hakuna nchi ndogo itakayopona, na akamuuliza kama asingeweza kulitambua taifa dogo lililosimama peke yake kwa karne kadhaa dhidi ya uonevu. Usiku huo alishangiliwa hata na watu ambao hawakuwahi kumpigia kura.

Kutoka Dublin hadi Katanga

Alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1948. Serikali iliyomfuata ndiyo iliyotangaza jamhuri, iliyoanza rasmi Aprili 1949, na ndiyo iliyokataa kujiunga na NATO mwaka huo kwa sababu kisiwa kilikuwa bado kimegawanyika. Jambo hilo ni la kukumbukwa: wapinzani wake wakubwa walikuwa wameichukua siasa yake na kuifanya yao. Yeye alirudi madarakani mwaka 1951 hadi 1954, na tena mwaka 1957 hadi 1959. Septemba 1953 alikula chakula cha mchana na Churchill mjini London, mahasimu wawili wazee waliokuwa wamebaki na heshima baina yao.

Ireland iliingia Umoja wa Mataifa Desemba 1955, baada ya ombi lake la mwaka 1946 kuzuiwa kwa kura ya turufu ya Urusi ya Kisovieti. Hapo kutoegemea upande kulipata sura mpya. Waziri wa Mambo ya Nje, Frank Aiken, aliyekuwa rafiki wa De Valera tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, alisimamia azimio la mwaka 1961 lililofungua njia ya mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia wa mwaka 1968.

Mwaka 1960 vikosi vya Ireland vilipelekwa Congo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. De Valera wakati huo alikuwa Rais wa nchi, cheo cha heshima alichokishika tangu mwaka 1959. Novemba 8 mwaka huo, huko Niemba, kaskazini mwa Katanga, upande wa Ziwa Tanganyika, doria ya wanajeshi 11 ilishambuliwa na tisa wakauawa. Hadi kikosi cha mwisho kiliporejea mwaka 1964, wanajeshi 26 wa Ireland walikuwa wamekufa Congo. Taifa lililokataa kumwaga damu katika vita vya wakubwa lilikuwa sasa likiimwaga kulinda amani, na wananchi wakaanza kuiona kazi hiyo kuwa sehemu ya jinsi walivyo.

De Valera alibaki Rais hadi Juni 1973, akiwa na umri wa miaka 90 na karibu kipofu kabisa. Januari mwaka huo huo Ireland iliingia katika Jumuiya ya Ulaya pamoja na Uingereza na Denmark. Mkewe Sinéad alifariki Januari 1975, na yeye akamfuata Agosti 29 mwaka huo, akiwa na miaka 92. Alizikwa katika makaburi ya Glasnevin mjini Dublin.

Urithi wake haukuzikwa naye. Katiba yake ya 1937 haikuandika popote kwamba Ireland ni nchi isiyoegemea upande, na katika mazungumzo yake De Valera alikuwa mwangalifu kutoifanya sera hiyo kuwa ya milele. Lakini wananchi waliifanya hivyo wenyewe. Walipoukataa Mkataba wa Nice mwaka 2001 na ule wa Lisbon mwaka 2008, hofu ya kuburutwa katika jeshi la Ulaya ilikuwa miongoni mwa sababu, na kila mara serikali ililazimika kuleta dhamana juu ya jambo hilo kabla kura ya pili haijapita. Finland iliingia NATO mwaka 2023 na Sweden mwaka 2024, baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, Ireland haikufuata.

Wanaoikosoa sera hiyo wanasema ni rahisi kutoegemea upande chini ya kivuli cha ulinzi wa majirani, na kwamba De Valera mwenyewe alilijua hilo alipokuwa akipeleka taarifa za mawingu London huku akikataa kufungua bandari zake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haifuti alichowaachia watu wake. Kabla yake, vijana wa Ireland walikwenda vitani kwa sababu London imeamua. Baada yake, aliyekwenda alikwenda kwa hiari, na aliyebaki alibaki kwa uamuzi wa Bunge lake mwenyewe.